Kanisa Lililogeuzwa Mahakama

Wapendwa washarika, iko picha moja ya zamani iliyopigwa mwaka 1917 katika kambi ya Fort Sam Houston, mji wa San Antonio, jimbo la Texas, Marekani. Ndani yake wanaonekana askari weusi wengi wameketi kwa safu, wamevaa sare zao, na pembeni yao wamesimama walinzi wenye silaha. Hao walioketi ni washtakiwa. Aliyeiandalia picha hiyo maelezo aliandika kwamba hiyo ndiyo kesi kubwa kuliko zote za mauaji katika historia ya Marekani. Waliofikishwa hapo kwa mkupuo mmoja walikuwa 63.

Kilichotushtua sisi tunaoandika sura hii si idadi yao tu. Kilichotushtua ni jengo lenyewe. Kesi ile haikusikilizwa katika jengo la mahakama. Ilisikilizwa katika kanisa la kambi, linaloitwa Gift Chapel, yaani kanisa lililotolewa kama zawadi na wakazi wa mji ule kwa ajili ya askari wapate mahali pa kusali. Jeshi lilihitaji ukumbi mkubwa, na kanisa ndilo lililotosha. Basi mahali palipojengwa ili wenye dhambi wasikie habari ya msamaha, watu 13 wakahukumiwa kifo bila nafasi ya kukata rufani.

Tumeona ni vema kuisimulia habari hii katika kitabu cha imani kwa sababu mbili. Kwanza, ni historia ya kweli, na Mkristo haogopi ukweli. Pili, inatuuliza sisi kanisa swali ambalo si la Wamarekani peke yao: tunapokaa kumhukumu mwenzetu, tunamsikiliza kwanza, au tumeshamaliza kesi kabla hajafungua kinywa?

Yaliyotokea Houston

Askari hao walikuwa wa Batalioni ya Tatu ya Kikosi cha 24 cha askari wa miguu. Kikosi hicho kiliundwa mwaka 1869, baada ya utumwa kukomeshwa Marekani, na askari wake wote walikuwa weusi, huku maofisa wakuu wakiwa weupe. Walikuwa wamepigana Cuba mwaka 1898 na kutumikia huko Ufilipino. Hawakuwa wahuni waliookotwa mitaani. Wengine walikuwa na miaka mingi jeshini, na rekodi zao zilikuwa nzuri.

Marekani iliingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia mwezi Aprili 1917. Mwezi Julai batalioni hiyo ikapelekwa Houston kulinda ujenzi wa kambi mpya iliyoitwa Camp Logan. Wakati huo sheria za Texas ziliwatenga watu weusi na weupe: viti vyao katika treni za mjini vilikuwa mbali mbali, na hata maji ya kunywa yalitengwa kwa rangi. Askari aliyeapa kuilinda bendera aliambiwa aketi nyuma na anywe peke yake. Polisi wa mji na wajenzi wa kambi waliwatukana mchana kutwa, na waliojibu walipigwa.

Agosti 23, 1917, polisi wawili waliokuwa wakiwafukuza vijana waliocheza kamari waliingia kwa nguvu katika nyumba ya mama mmoja mweusi, Sara Travers, mwenye watoto watano. Wakamburuta nje akiwa hajavaa nguo zake sawasawa. Askari mmoja, Alonzo Edwards, alijaribu kumsaidia. Alipigwa kichwani kwa bastola akakamatwa. Baadaye Koplo Charles Baltimore, aliyekuwa polisi wa jeshi na ambaye kazi yake ilikuwa hasa kufuatilia mambo ya askari mjini, alikwenda kuuliza habari za mwenzake. Naye alipigwa, akapigiwa risasi alipokimbia, akakamatwa.

Kambini ikafika habari kwamba Baltimore ameuawa. Haikuwa kweli, na jioni alirudishwa akiwa hai, ila hasira ilikuwa imeshapanda. Usiku ukaingia, na mvua ikanyesha. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba kundi la watu weupe linakuja kuwashambulia. Askari wakakimbilia bunduki, risasi zikafyatuliwa gizani, na zaidi ya 100 kati yao wakatoka kambini kuelekea mjini wakiongozwa na Sajenti Vida Henry.

Hapa tunapaswa kusema wazi, tusije tukaonekana tunaficha. Usiku ule damu isiyo na hatia ilimwagika. Watu wapatao 15 wa mji waliuawa, wakiwemo polisi na raia wasiomkosea askari yeyote, pamoja na ofisa mmoja wa jeshi aliyekuwa ndani ya gari na kudhaniwa kuwa polisi. Askari wanne nao walipoteza maisha, na Sajenti Henry mwenyewe ni mmoja wao. Hao wote walikuwa na mama zao. Dhambi ilitendeka, na waliotenda walistahili kujibu. Kanisa halina Injili ya kusema kwamba aliyeonewa akiua amekuwa mtakatifu.

Bali swali la haki linaanzia hapo hapo. Kati ya wale zaidi ya 100, ni nani aliyefyatua risasi? Ni nani aliyeua? Ni nani aliyetoka kwa hofu, akidhani kambi imeshambuliwa kweli, na ni nani aliyerudi njiani? Hayo ndiyo mahakama huwekwa ili kuyachambua.

Kesi ndani ya kanisa

Kesi ya kwanza ilianza Novemba 1, 1917. Majaji walikuwa maofisa 13, wote weupe. Washtakiwa 63 walipewa mtetezi mmoja tu, Meja Harry Grier. Alikuwa amewahi kufundisha sheria katika chuo cha kijeshi, lakini hakuwa wakili, na alipewa kama majuma mawili tu kujiandaa. Hebu tufanye hesabu pamoja. Majuma mawili ni siku 14. Gawanya siku hizo kwa watu 63, na kila mtu anapata kama saa tano za kuulizwa habari zake, kutafutiwa mashahidi na kuandaliwa utetezi wa maisha yake, hata kama Meja Grier asingelala wala kula.

Tena mtetezi huyo mmoja alipaswa kuwatetea watu ambao masilahi yao yaligongana. Aliyetaka kusema, "Mimi nilibaki kambini, fulani ndiye aliyetoka," na huyo fulani mwenyewe, wote walikuwa na mtetezi yule yule. Angewezaje kumwokoa mmoja bila kumzamisha mwingine?

Ushahidi nao ulikuwa na kasoro. Ulikuwa usiku wa giza na mvua, na watu wa mji hawakuwafahamu askari kwa sura. Sehemu kubwa ya ushahidi wa kuwataja watu kwa majina ilitoka kwa askari wenzao walioahidiwa kwamba wakisema, wao hawatashtakiwa. Torati ilidai mashahidi wawili au watatu kabla ya mtu kuuawa, na katika Kumbukumbu la Torati 17 na 19 iliagiza mashahidi wenyewe wachunguzwe sana. Sababu tunaijua. Mtu anayeokoa shingo yake anaweza kuitoa ya jirani.

Mwisho wa mwezi huo mahakama iliwatia hatiani washtakiwa 58 na kuwaachia watano. Kumi na watatu walihukumiwa kunyongwa, na wengi wa waliobaki wakapewa kifungo cha maisha. Katika wale 13 alikuwemo Sajenti William Nesbitt. Alikuwemo pia Koplo Baltimore, yule yule aliyekwenda kuuliza habari za mwenzake akarudi na majeraha.

Hukumu hiyo haikutangazwa. Sheria ya kijeshi ya wakati ule iliruhusu, wakati wa vita, jenerali wa eneo kuidhinisha adhabu ya kifo na kuitekeleza bila Rais wala mkuu wa sheria wa jeshi kuipitia. Vita vyenyewe vilikuwa Ulaya, ng'ambo ya bahari, na Texas ilikuwa na amani. Lakini neno "vita" lilikuwa limeandikwa katika sheria, na neno hilo likatosha. Jukwaa la kunyongea lilijengwa usiku karibu na kijito cha Salado. Desemba 11, 1917, saa 1 na dakika 17 asubuhi, muda mfupi kabla ya jua kuchomoza, wote 13 walinyongwa kwa pamoja. Walizikwa hapo hapo, na makaburi yao yakapewa namba, kuanzia 1 hadi 13. Taifa na ndugu zao walipata habari baadaye, wakati udongo ulikuwa umeshafunikwa.

Kesi nyingine mbili zilifuata. Jumla ya walioshtakiwa katika kesi zote tatu ilikuwa 118, na waliotiwa hatiani 110. Wengine sita walinyongwa Septemba 1918, na hivyo wakafika 19. Kwa upande mwingine, hakuna raia mweupe hata mmoja aliyefikishwa mahakamani kwa yale yaliyotendeka, na maofisa wawili weupe walioshtakiwa waliachiwa.

Paulo alikuwa na Kaisari

Wapendwa, tusome tena Matendo ya Mitume sura ya 22 na ya 25. Jemadari alipoamuru Paulo achapwe, Paulo alimwuliza akida kama ni halali kumpiga Mrumi ambaye hajahukumiwa. Viboko vikasimama mara moja. Baadaye mbele ya Festo, alipoona kwamba anataka kupelekwa Yerusalemu kwa watu waliokwisha kula njama ya kumwua, alikata rufani kwa Kaisari. Festo, ambaye hakumjua Mungu wa Israeli, alishauriana na baraza lake akakubali. Katika sura hiyo ya 25 Festo anaeleza pia kwamba Warumi hawakuwa na desturi ya kumtoa mtu kabla hajakabiliana na washtaki wake na kupewa nafasi ya kujitetea.

Serikali ya kipagani ilimpa Paulo nafasi ya pili ya kusikilizwa. Taifa lenye makanisa kila mtaa halikuwapa wale 13 nafasi hiyo, hata kwa juma moja. Paulo alikuwa na uraia uliotambuliwa. Wao nao walikuwa raia na walivaa sare ya nchi yao, lakini ngozi ilitangulia kusomwa kabla ya uraia.

Sisi Walutheri tunakiri katika Ungamo la Augsburg, ibara ya 16, kwamba Mkristo anaweza kuwa hakimu na kuwa askari, na kwamba kuadhibu wahalifu kwa haki ni kazi halali chini ya Mungu. Hatuitupi ibara hiyo. Ila tusisome nusu yake. Ungamo linazungumza juu ya adhabu za haki, zinazotolewa kwa kufuata sheria. Serikali inapopokea upanga kutoka kwa Mungu, inapokea pamoja nao mzigo wa kuutumia kwa mwenye kosa na kuuzuia kwa asiye na kosa. Upanga unaopiga kundi zima kwa sababu ya rangi yake haujabeba kazi ile ya Warumi 13. Musa aliwaagiza waamuzi wake katika Kumbukumbu 1 wamsikilize mdogo sawasawa na mkubwa, na mgeni sawasawa na ndugu, kwa kuwa hukumu ni ya Mungu. Kama hukumu ni ya Mungu, basi anayeipotosha analitumia jina la Mungu vibaya, hata asipolitamka.

Barua ya kijana kwa mama yake

Mmoja wa wale 13 aliitwa Thomas Hawkins. Usiku wa mwisho aliandika barua kwa wazazi wake. Alimwambia mama yake kwamba hakutenda kosa aliloshtakiwa, lakini akakubali kwamba ni mapenzi ya Mungu yeye aondoke wakati huo na kwa njia hiyo. Akamwomba mama asihuzunike.

Barua hiyo ni ngumu kwetu wachungaji. Tumekaa kando ya vitanda vya wagonjwa, na tumesikia watu wakisema maneno kama hayo, na mara nyingi tumeyapokea kama ushuhuda wa imani. Hatuna mamlaka ya kumsahihisha kijana aliyebakiza saa chache. Alichofanya ni kukabidhi roho yake kwa Mungu na kumfariji mama yake, na katika hilo tunamwona mwana wa Mungu.

Lakini sisi tulio hai tusiyachukue maneno yake tukayafanya mafundisho. Aliyeonewa akisema, "Mapenzi ya Mungu," anatafuta mahali pa kushika gizani. Aliyeonea akisema maneno hayo hayo, anatafuta mahali pa kujificha. Biblia haitufundishi kwamba Nabothi alipopigwa mawe kwa ushahidi wa uongo yalikuwa mapenzi ya Mungu. Inatuambia kwamba Mungu alimtuma Eliya kumkuta Ahabu katika shamba lile lile. Na Bwana wetu mwenyewe, aliyehukumiwa baada ya kushikwa usiku kwa ushahidi usiopatana, alikufa kwa ajili ya wokovu wetu. Hata hivyo Mitume hawakusema kamwe kwamba Kayafa na Pilato walitenda vema. Mungu aligeuza uovu wao kuwa uzima wetu, na uovu ukabaki uovu.

Kwa hiyo mama akija kwetu akilia kwamba mwanawe amefungwa bila kosa, tusimkimbize kwenye faraja. Tumuulize kwanza: alikamatwa wapi, nani alishuhudia, ana wakili, tarehe ya kesi ni lini? Kumsindikiza mahakamani nako ni uchungaji.

Makanisa yaliyofunga mlango

Huko Chicago mwandishi mmoja mweusi, mama Ida B. Wells, aliposikia habari za wale 13 alitaka ifanyike ibada ya kumbukumbu katika kanisa mojawapo kubwa la watu weusi. Hakupata kanisa. Wachungaji waliogopa, maana nchi ilikuwa vitani, na kuwaombea waliohukumiwa na jeshi kungeweza kuitwa usaliti. Basi akatengeneza vifungo vya kubandika kifuani vya kuwakumbuka, akavigawa. Maofisa wa serikali walimfuata wakamtishia kifungo. Alikataa kuacha.

Tunasoma hayo kwa aibu, kwa kuwa tunajifahamu. Kanisa la kambini lilifunguliwa ili watu wahukumiwe, na makanisa ya mjini yakafungwa wasikumbukwe. Wachungaji wale hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na washarika wa kulinda, majengo ya kulinda, na familia. Hesabu kama hizo nasi tunazipiga kila mwaka. Katika Yohana 7 Nikodemo alithubutu kuuliza wenzake barazani kama torati inamhukumu mtu kabla ya kumsikia. Alidhihakiwa, na mkutano haukubadilika. Lakini swali lake liliandikwa.

Kilichobadilika, na kisichobadilika

Siri ile ya Desemba iliwachoma watu wengi Marekani, hata wanasheria ndani ya jeshi lenyewe. Mwezi Januari 1918 jeshi lilitoa amri kwamba hukumu ya kifo isitekelezwe tena hadi wakuu wa sheria wa jeshi waipitie na kuona kama ni halali. Vyama vya kutetea haki vilipeleka maombi ya maelfu ya watu kwa Rais Wilson, na katika kesi ya tatu aliwabadilishia watu kumi adhabu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Wafungwa waliobaki waliachiwa kidogo kidogo, na wa mwisho alitoka mwaka 1938. Rufani waliyonyimwa wale 13 ikawa mlango kwa waliofuata.

Hata hivyo sheria nzuri peke yake haikuponya moyo. Katika Vita vya Pili vya Dunia, wakati utaratibu wa kupitia hukumu ulikuwapo, jeshi la Marekani liliwanyonga au kuwapiga risasi askari wake 70 katika eneo la vita la Ulaya. Kati yao 55 walikuwa weusi, ingawa weusi walikuwa kama sehemu moja tu ya kumi ya jeshi. Karatasi zilipitiwa, lakini macho yaliyozipitia yalikuwa yale yale.

Katika vita hiyo hiyo tunaona pia jambo la kututia moyo. Mei 1944, karibu na mji wa Bath, Uingereza, askari mweusi aitwaye Leroy Henry alihukumiwa kunyongwa na mahakama ya kijeshi ya Marekani kwa kosa la kumbaka mwanamke mweupe. Yeye alikana, akasema kwamba walikubaliana. Watu wa Bath, ambao walimfahamu mwanamke na kusikia ushahidi, waliona kwamba hukumu haikusimama. Hatusimulii hili ili kuwanyamazisha wanawake wanaoonewa, maana nao wana haki ya kusikilizwa mpaka mwisho. Tunalisimulia kwa sababu ya waliosimama: watu wa kawaida, waoka mikate na akina mama wa nyumbani, wakakusanya sahihi zaidi ya 33,000. Mwezi Juni, katika majuma yale ya uvamizi wa Normandy, Jenerali Eisenhower aliifuta hukumu na kumrudisha Henry kazini. Jenerali mwenye vita kubwa mkononi alipata nafasi ya kusoma faili la dereva mmoja. Basi kisingizio kwamba vita hairuhusu haki hakina msingi.

Na kwa wale wa Houston, wanasheria na wazao wa askari waliendelea kuomba kwa miaka mingi. Novemba 13, 2023, Jeshi la Marekani lilizifuta hukumu zote 110, likakiri kwamba askari wale walitendewa vibaya kwa sababu ya rangi yao na hawakupata kesi ya haki. Utumishi wao ukaandikwa kuwa wa heshima. Mwaka uliofuata mawe mapya yaliwekwa juu ya makaburi 17 huko San Antonio. Mawe ya zamani yalikuwa na jina na tarehe ya kufa tu. Mapya yana cheo, kikosi na jimbo la kila mmoja, kama ya askari wengine waliozikwa jirani. Ilichukua miaka 106.

Na kwetu?

Hatuwezi kumaliza kana kwamba dhambi hii ilikaa ng'ambo ya bahari. Hapa kwetu Songea, Februari 27, 1906, katika Vita vya Maji Maji, utawala wa Kijerumani uliwanyonga viongozi na wapiganaji wa Wangoni zaidi ya 60 baada ya hukumu ya haraka ya kijeshi. Mmisionari Mbenediktini aliwabatiza baadhi yao kabla ya kufa. Ubatizo ule ulikuwa neema, nasi hatuudharau. Ila unatuachia swali la Gift Chapel kwa sura nyingine: je, kanisa limeitwa kuwaandaa watu kufa vizuri tu, au pia kuuliza kwa nini wanauawa?

Tusogee karibu zaidi, mpaka kwenye chumba cha baraza la wazee. Sisi hatunyongi mtu. Lakini tunamtenga mtu na Meza ya Bwana, na kwa muumini hilo si jambo dogo. Ni mara ngapi binti amepata mimba akatengwa Jumapili iliyofuata, na kijana aliyehusika akaendelea kuimba kwaya kwa sababu hakuna aliyemwuliza? Ni mara ngapi pesa za sadaka zimepungua, na macho yakamgeukia mlinzi kwa sababu ni mgeni, tena wa kabila lisilo la kwetu? Ni mara ngapi mzee mmoja mwenye sauti amesema, "Hawa watu tunawajua," na kikao kikafungwa? Maneno hayo matatu yalitosha huko Houston. Yanatosha na kwetu.

Tunaomba mabaraza yetu yachukue mambo matatu kutoka katika habari hii. Mtu asihukumiwe kwa kundi lake, ila kwa alichotenda yeye. Asihukumiwe kabla hajasikilizwa uso kwa uso na anayemshtaki, akiwa na mtu wa kumsemea. Na awe na mahali pa kukata rufani, jimboni au dayosisini, aambiwe hivyo kwa maneno anayoyaelewa, na apewe muda wa kufanya hivyo. Hayo matatu yangewaokoa baadhi ya wale 13, na huenda waliostahili adhabu wangeadhibiwa kwa haki, na ndugu wa waliouawa usiku ule wakajua kwa hakika ni nani aliyewaua wapendwa wao. Hilo nalo lilipotea. Hukumu ya haraka iliwaonea askari, na iliwanyima wafiwa ukweli.

Tuombe: Bwana Yesu, uliyesimama mbele ya baraza lililokwisha kuamua, utuhurumie sisi tunaoamua mapema. Uwapokee waliokufa Houston usiku wa Agosti na alfajiri ya Desemba, weupe na weusi. Utupe masikio kabla ya kutupa kauli. Na siku tutakaposimama sisi mbele ya kiti chako cha hukumu, uwe Mtetezi wetu, kwa kuwa hatuna mwingine. Amina.